Maneno ya Kiingereza ya ulevi: mwongozo kamili wa kuyaelewa, kuyachagua na kuyafasiri

Kiingereza kina maneno mengi mno ya kusema kwamba mtu amelewa, na wingi huo si wa leo wala jana. Mwaka 1737 Benjamin Franklin, ambaye wakati huo alikuwa akichapisha gazeti la Pennsylvania Gazette mjini Philadelphia, alitoa orodha ya misemo zaidi ya 200 ambayo watu wa zama zake waliitumia kumtaja mtu aliyelewa bila kutamka neno lenyewe. Mmojawapo ulidai kwamba mtu huyo amefika Barbados, kisiwa kilichojulikana kwa ramu. Miaka ya karibuni watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Ujerumani, Christina Sanchez-Stockhammer na Peter Uhrig, walikusanya maneno 546 ya aina hiyo. Hakuna mgeni wa lugha anayeweza kuyakariri yote, wala hana haja ya kufanya hivyo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya masomo au ya kazi: mwanafunzi, mfasiri, mkalimani anayesimama mahakamani, mhudumu wa wazee katika nyumba za matunzo za Uingereza, dereva aliyehamia Marekani. Ushauri unaoongoza hatua zote zinazofuata ni kwamba uelewe maneno mengi na utumie machache. Neno la ulevi likitamkwa mahali pasipo pake humvunjia mtu heshima, na likiandikwa katika ripoti au likitolewa kama ushahidi linaweza kumtia mashakani mtu ambaye hakuonja hata tone.

Hatua ya 1: Shika vizuri "drink", "drank" na "drunk"

Makosa mengi ya wasemaji wetu hayatokani na maneno ya mitaani bali yanatokana na kitenzi chenyewe. Wakati uliopita wa "drink" ni "drank", kwa hiyo tunasema "He drank the whole bottle", na si "He drunk". Umbo la "drunk" hufanya kazi mbili: hufuata "have" na kumaanisha kwamba mtu amekunywa, kama katika "He has drunk his tea", au hufuata "be" na kumaanisha kwamba mtu amelewa, kama katika "He is drunk". Mtego upo hapo hapo, kwa sababu sisi husema "amekunywa" na "amelewa" kwa kiambishi kilekile cha -me-, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "has" huandika "He has drunk" akidhani amesema kwamba bwana huyo amelewa, kumbe amesema tu kwamba amekunywa kitu, pengine maziwa.

Dawa yake ni kujizoeza jozi chache hadi zikae mdomoni. "Amelewa" ni "He is drunk". "Alikuwa amelewa" ni "He was drunk". "Alilewa" ni "He got drunk". "Hulewa kila Jumamosi" ni "He gets drunk every Saturday". "Walimlewesha" ni "They got him drunk". Ukizitazama utaona kwamba "be" hubeba hali ya kuwa mlevi kwa wakati huo, ilhali "get" hubeba mwendo wa kuingia katika hali hiyo, na mgawanyo huo utakufaa kwa karibu maneno yote mengine ya mwongozo huu.

Umbo "drunken" hukaa mbele ya nomino tu, na siku hizi huelezea zaidi mambo kuliko watu: "a drunken argument" ni ugomvi wa walevi, "drunken laughter" ni kicheko cha ulevi. Kwa mtu, wengi sasa husema "a drunk driver" au "a drunk man". Usiandike kamwe "He was drunken". Nomino "a drunk" humtaja mtu kwa ulevi wake na ni neno kali, lenye dharau ndani yake. Neno "drunkard", ambalo Kenya na Tanzania limezoeleka sana katika Kiingereza cha shuleni na cha kanisani, masikioni mwa Mwingereza wa leo lina sauti ya Biblia ya zamani. Analielewa, lakini yeye mwenyewe halitamki mara nyingi.

Matumizi yasiyohusu pombe hayana shida kwetu, maana tunayo tayari. Kulewa madaraka ni "drunk on power" au "drunk with power". Tahadhari moja tu: "punch-drunk" si mlevi hata kidogo, bali ni mtu aliyechanganyikiwa kwa kupigwa, neno lililotoka katika ndondi.

Hatua ya 2: Pima kiwango kabla ya kuchagua neno

Chini kabisa yapo maneno ya mtu ambaye pombe imeanza kumgusa lakini bado anajitambua. "Tipsy" ndilo jepesi na salama kuliko yote. Linaweza kutumika kwa mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, na halimdhalilishi mtu. Waingereza huongeza "merry", ambalo kwa kawaida humaanisha mwenye furaha, na "tiddly", ambalo leo lina ladha ya kizee. Wamarekani husema "buzzed", na nomino yake "a buzz" inakaribiana sana na ile tunayoiita stimu. Usidhani kwamba kiwango hicho kidogo kinasamehewa barabarani: kampeni moja maarufu ya usalama Marekani ilitumia kaulimbiu "Buzzed driving is drunk driving", kwa sababu madereva walikuwa wakijitetea kwamba wao hawakulewa, wamechangamka tu.

Katikati lipo "drunk" lenyewe, ambalo halina rangi yoyote na linatosha kwa hali nyingi. Likihitaji kuongezewa uzito, Kiingereza huliwekea neno la mbele: "very drunk" ni la kawaida, "blind drunk" na "roaring drunk" ni makali zaidi, na "dead drunk" ni mtu aliyelala kama gogo. Hapa lugha zetu mbili hufanana kwa njia ya kupendeza, kwa kuwa Kiswahili nacho hukiacha kitenzi "lewa" kama kilivyo na kukifungia neno la nyuma ambalo halina kazi nyingi nje ya hapo: chakari, chopi, tilalila, bwii.

Juu kabisa yapo maneno ambayo asili yake ni kupigwa, kuvunjwa au kuharibiwa. "Hammered" ni kugongwa kwa nyundo, "smashed" ni kuvunjwavunjwa, "wrecked" ni kuharibiwa kama chombo kilichopanda mwamba, "plastered" ni kupigwa lipu, "wasted" ni kupotezwa. Mengine hutazama mwili wenyewe: "legless" ni asiye na miguu, yaani hawezi kusimama, na "paralytic", neno la Uingereza, Ireland na Australia, humfananisha mlevi na mtu aliyepooza. Mengine yametoka jikoni au majini, kama "pickled", "stewed", "soaked" na "sloshed". Usipoteze muda kutafuta lipi linazidi lingine kwa daraja. Wasemaji wenyewe hawakubaliani, na "hammered" ya kijana mmoja ni "tipsy" ya mwenzake.

Hatua ya 3: Jiulize nani anamwambia nani

Kiwango kikishajulikana, swali kubwa zaidi ni la heshima. Mtu mmoja, amelewa kwa kiasi kilekile, anaweza kuitwa "intoxicated" na polisi, "drunk" na jirani, "pissed" na rafiki yake na "a little the worse for wear" na bosi mpole. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo. Kilichobadilika ni uhusiano, na mwanafunzi asiyeuona uhusiano huo atachukua neno alilolisikia kwa vijana wa kiwandani akalipeleka ofisini.

"Intoxicated" ni neno la sheria, la hospitali na la taarifa za kampuni. Limetokana na neno la Kilatini la sumu, na hadi leo linaweza kuhusu dawa za kulevya vilevile, kwa hiyo mahali ambapo jambo hilo lina uzito huandikwa "intoxicated by alcohol". "Inebriated" ni rasmi pia, lakini linasikika kama la msomi anayechagua maneno; katika mazungumzo huonekana la kujikweza. Msemo "under the influence" ni wa wastani na wa busara, kwa kuwa haudai kwamba mtu alikuwa akiyumba, unasema tu kwamba kileo kilikuwa kikifanya kazi mwilini mwake.

Upande wa pili yapo maneno ya matusi, na hapa nasisitiza bila kusita. "Pissed" limejengwa juu ya neno chafu la mkojo, na "shit-faced" na "rat-arsed" yamejengwa juu ya machafu zaidi. Vijana wa Uingereza huyatamka kwa wepesi kiasi kwamba mgeni hudhani yameshakuwa ya kawaida, lakini hawayatamki mbele ya mchungaji, mbele ya bibi yao wala katika usaili wa kazi. Mtu aliyejifunza lugha ukubwani husikika mkali zaidi akiyatumia, kwa sababu wasikilizaji hawana uhakika kama anajua uzito wake. Yaelewe, uyaache kwa wenyewe.

Kati ya pande hizo mbili lipo kundi kubwa la maneno ya kirafiki yasiyo matusi, kama "hammered", "smashed", "plastered" na "sloshed". Haya unaweza kuyatumia na wenzako wa rika moja, katika ujumbe wa simu au katika hadithi, ilimradi mtu unayemzungumzia si mkubwa wako na jambo lenyewe si la kusikitisha. Ajali ikiwa imetokea, au mtoto akiwa ameumizwa na mzazi mlevi, maneno haya hayafai hata kidogo, kwa kuwa yote yana chembe ya kicheko ndani yake. Hapo rudi kwenye "drunk".

Hatua ya 4: Tazama uko nchi gani

Mfano unaowaponza watu wengi ni "pissed". Uingereza na Ireland "He's pissed" humaanisha kwamba amelewa. Marekani sentensi ileile humaanisha kwamba amekasirika. Ukiongeza "off", yaani "pissed off", maana ni hasira pande zote mbili za bahari. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na neno hili katika tamthilia ya runinga hana budi kuangalia kwanza imetengenezwa wapi, kisha aangalie kama kuna "off", ndipo aandike. "Loaded" nalo ni mlevi kwa Mmarekani, ilhali kwa Mwingereza mara nyingi ni tajiri. "Tight" lilikuwa likimaanisha mlevi katika vitabu vya miaka ya 1920 na 1930, na leo humaanisha bahili.

Mtego ambao ni wetu wenyewe ni "high". Nchini Kenya watu husema kwa kawaida kabisa kwamba fulani yuko "high" wakimaanisha pombe. Uingereza na Marekani neno hilo huhusishwa moja kwa moja na dawa za kulevya, na anayemwambia muuguzi wa London "My brother is high" ataulizwa amekula dawa gani, huku mgonjwa akipimwa kwa jambo ambalo hana. "Stoned" na "baked" pia ni za bangi, ingawa "stoned" zamani lilihusu pombe. "Wasted" hubaki katikati na huweza kuhusu vyote viwili.

Kila eneo lina maneno yake. Scotland husema "steaming" na "blootered", na katika Kiskoti cha zamani "fou", ambalo ni "full", yaani aliyejaa. Newcastle husema "mortal". Ireland ina "locked" na "fluthered". Wewe msikilizaji unahitaji tu kuyatambua, na kiunzi cha hatua inayofuata kitakusaidia kuyatambua hata yale ambayo hujawahi kuyasikia.

Hatua ya 5: Jifunze kiunzi, si orodha

Mchekeshaji wa Uingereza Michael McIntyre alipata kusema kwamba Mwingereza wa tabaka la juu anaweza kuchukua neno lolote la Kiingereza akalitumia kumaanisha mlevi, na alitoa mfano wa kibanda cha bustani na maegesho ya magari: "gazeboed", "carparked". Utafiti niliotaja mwanzoni uliichukua kauli hiyo kwa uzito unaostahili na kuichunguza. Maelezo yake ni kwamba sentensi yenyewe hubeba maana. Huwa kuna "be" au "get", mara nyingi hufuata neno la kutilia mkazo kama "absolutely", "totally", "completely" au "utterly", kisha huja neno linaloishia na -ed, na mazingira ni ya usiku wa jana, sherehe, baa au mwisho wa wiki.

Kwa hiyo ukisikia "We got absolutely trolleyed last night", usikimbilie kamusi kutafuta toroli ilikuwa wapi. Kagua dalili moja moja: kuna "got", kuna "absolutely", kuna -ed, kuna "last night". Dalili zikikamilika, jibu ni kwamba walilewa chakari. Msikilizaji mzawa hufanya vivyo hivyo, kwa sababu yeye pia hakuzaliwa akiyajua maneno yote.

Lakini kiunzi hicho kina mlango wa kuingilia kosa. "We got hammered" inaweza pia kumaanisha kwamba timu yetu ilifungwa vibaya, "I bombed" humaanisha kwamba nilifeli vibaya, na "She smashed it" humaanisha kwamba alifanya vizuri sana. Mazingira ndiyo yanayoamua. Kama mazungumzo yalikuwa ya mpira, hakuna pombe hapo.

Hatua ya 6: Sikiliza kinachosemwa kwa kuficha

Waingereza ni mafundi wa tafsida, na katika jambo hili wametufikia sisi watu wa pwani. Msemo unaojulikana kuliko yote ni "tired and emotional", yaani mchovu na mwenye hisia nyingi. Jarida la dhihaka la Private Eye liliueneza katika miaka ya 1960, wakati George Brown alipokuwa waziri wa mambo ya nje, kwa kuwa kumwandika mwanasiasa kwamba amelewa kungeweza kulipeleka jarida mahakamani kwa kashfa. Tangu hapo msomaji wa Uingereza akiona kwamba mheshimiwa fulani alikuwa "tired and emotional" kwenye karamu, anaelewa bila kuelezwa.

"He's had a few" ni kwamba amekunywa kadhaa, na maana yake ni kwamba inaonekana. "She's had one too many" ni kwamba amevuka mpaka. "He likes a drink" ndiyo inayowapita wageni wengi, maana kwa juu inasema tu kwamba anapenda kinywaji, ilhali kwa ndani inasema kwamba anakunywa kupita kiasi na sisi sote tunajua. Mbele yake iko "He has a drink problem", ambayo Mmarekani huitamka "a drinking problem", na hiyo si tafsida tena.

Msemo "three sheets to the wind" umetoka kwa mabaharia, na wengi huufasiri vibaya kwa sababu "sheet" hapa si shuka bali ni kamba inayoshikilia tanga. Kamba tatu zikilegea, chombo huyumba. "Groggy" nalo ni la majini. Mwaka 1740 Admirali Edward Vernon aliagiza ramu ya mabaharia wake ichanganywe na maji, na kinywaji hicho kikaitwa "grog" kwa jina lake la utani, ambalo lilitokana na koti lake la kitambaa kizito. Hapo zamani "groggy" alikuwa mlevi, lakini leo ni mtu aliyeamka na usingizi mwingi au aliyetoka kwenye dawa ya usingizi, na ukilitumia kwa maana ya ulevi hutaeleweka.

Hatua ya 7: Barabarani, kituoni, hospitalini na katika ripoti

Hii ndiyo hatua ambayo makosa yake yana gharama, kwa hiyo isome polepole.

Kuendesha gari ukiwa umelewa huitwa "drink-driving" Uingereza na "drunk driving" Marekani. Sheria ya Uingereza hutenganisha kuwa "unfit through drink or drugs", yaani kutofaa kuendesha, na kuvuka kiwango kilichowekwa, hata kama dereva anajiona mzima. Kiwango hicho katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini ni miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, na Scotland ilikishusha hadi 50 mwezi Desemba 2014. Marekani kila jimbo lina jina lake: California husema DUI ("driving under the influence"), Texas husema DWI ("driving while intoxicated"), New York ina DWI na kosa dogo zaidi la DWAI ("driving while ability impaired"). Kiwango cha kawaida huko ni asilimia 0.08, ila Utah ni 0.05. Canada husema "impaired driving". Ukijaza fomu ya kazi ya udereva, soma kwa makini ni lipi kati ya hayo linaloulizwa.

Nje ya gari lipo kosa la "drunk and disorderly", ambalo katika England na Wales limo katika kifungu cha 91 cha sheria iitwayo Criminal Justice Act ya mwaka 1967, na ambalo linahitaji mambo mawili kwa pamoja: kulewa na kufanya fujo mahali pa umma. Texas husema "public intoxication". Mkalimani asifasiri "disorderly" kana kwamba ni kukosa unadhifu. Ni kufanya fujo.

Kwa daktari, swali la "Do you drink?" linahusu pombe tu. Uingereza atafuatisha "How many units a week?", na "unit" moja ni mililita 10 za alkoholi halisi, si glasi wala chupa. Ushauri rasmi wa huko tangu mwaka 2016 ni kutozidi 14 kwa wiki. Mmarekani atauliza idadi ya "drinks", na kipimo chake cha kinywaji kimoja kina gramu 14 za alkoholi, karibu mara mbili ya "unit" ya Mwingereza. Kwa hiyo usibebe namba ya nchi moja kwenda nyingine.

Sasa ripoti. Wahudumu wengi wenzetu katika nyumba za matunzo huandika taarifa za usiku, na sentensi inayojitokeza mara nyingi ni ya namna hii: "Mr B was drunk and rude." Sentensi hiyo ni hukumu mbili bila ushahidi hata mmoja. Mzee mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huyumba, hutatizika kuongea na huwa mkali, na ndivyo pia anavyoweza kuwa mtu aliyeumia kichwa au anayepata kiharusi. Andika ulichokiona, ulichokisikia na ulichokinusa: "At 9 pm Mr B's speech was slurred and he was unsteady on his feet. His breath smelt of alcohol. He told me he had drunk two cans of beer." Humo "slurred" ni maneno kuburutika, "unsteady on his feet" ni kuyumba, na la bia limetajwa kama kauli yake mwenyewe. Ukihitaji kutoa maoni, tumia "appeared": "He appeared to be intoxicated." Neno hilo moja humwachia daktari nafasi ya kuchunguza mengine, na ikiwa dalili hizo ziko huku harufu ya pombe haipo, piga simu ya dharura kabla ya kumaliza kuandika.

Hatua ya 8: Fasiri uzito, usifasiri picha

Kazi ya mfasiri ni kutafuta neno lenye uzito na heshima ileile. "He was plastered" haiwi "alipigwa lipu", bali "alilewa chakari", na kama ni kijana wa Dar es Salaam anayesimulia, "alikuwa tungi" linaweza kufaa. "Intoxicated" ya hati ya mahakama isishushwe kuwa "tungi". Iwe "alikuwa amelewa" au "alikuwa chini ya athari za kileo".

Ugumu mkubwa uko upande wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza mahakamani. Shahidi akisema "alikuwa amekunywa", hajasema kwamba alikuwa amelewa. Mkalimani akitamka "He was drunk" amekwisha kumhukumu mtu. Akitamka "He had been drinking" yuko karibu, ijapokuwa kwa Mwingereza sentensi hiyo tayari ina harufu ya shutuma. Akitaka kubaki na uzito mwepesi wa shahidi aliyesema "amekunywa kidogo", basi "He had had a little to drink" ndiyo sahihi. Kwa "alikuwa amechangamka", usikimbilie "merry", kwa sababu hakimu anaweza kusikia furaha tu, au ulevi tu, ilhali neno letu lina yote mawili. Ni vyema kuomba ruhusa ya mahakama shahidi aulizwe anakusudia nini.

Hatua ya 9: Asubuhi yake, na safari ya kuacha

"Hangover" tunayo tayari, hangova, na wenzetu wa Afrika Kusini husema "babalas", neno lililotoka Kizulu. Kunywa kidogo asubuhi ili kuitoa, ambako sisi huita kuzimua, Waingereza huita "hair of the dog". Tofautisha "pass out", ambayo ni kuzimia au kulala fofofo, na "blackout", ambayo kitabibu ni kupoteza kumbukumbu wakati mtu bado anatembea na kuongea. Polisi na madaktari huzichukulia kama hali mbili tofauti kabisa.

"Sober" ni asiyelewa wakati huu, na "sober up" ni pombe kumtoka mtu kichwani. Lakini kwa mtu aliyeacha pombe, "sober" ni neno zito: "I'm five years sober" ni kwamba ana miaka mitano hajagusa kileo. Huyo pia hujieleza kuwa "in recovery", lugha iliyoenezwa na vikundi vya kusaidiana kama Alcoholics Anonymous, kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Wanachama wake hujiita "alcoholic" wenyewe, na hiyo ni haki yao. Wewe usimwite mtu hivyo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013 hutumia "alcohol use disorder", na hilo ndilo la kuandika katika taarifa ya afya. "Teetotal", neno lililohusishwa na wapinga pombe wa mji wa Preston mwaka 1833, ni mtu asiyekunywa kabisa, awe aliacha au hakuwahi kuanza.

Ukialikwa baada ya kazi nawe hunywi, sentensi "I don't drink" inatosha na haihitaji maelezo. Maana yake ni kwamba hunywi siku zote. "I'm not drinking" ni kwamba hunywi leo, na itafuatwa na swali la kwa nini. "I'm driving" hufunga mjadala Uingereza kuliko sababu nyingine yoyote, na mwenyeji atakuuliza tu unapenda soda au juisi.